Hao Mnaowaita "Wananchi Wenye Hasira Kali": Barua ya Wazi kwa Msemaji wa Jeshi la Polisi Tanzania

Ndugu Msemaji,

Afande, nakusalimu, na pole na kazi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mhariri msanifu katika magazeti ya Kiswahili hapa Dar es Salaam. Wasomaji wengi hawajui kama mtu huyo yupo. Kazi yake ni kupokea habari ya mwandishi saa mbili usiku, kuikata ienee kwenye nafasi iliyobaki, kunyoosha sentensi, kuitafutia kichwa, kisha kuiachia iende mtamboni. Katika miaka yote hiyo kuna sentensi moja niliyoiachia mara nyingi kuliko nyingine, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Unaijua vizuri, kwa sababu mara nyingi hutoka midomoni mwa makamanda wenu wa mikoa kabla ya kufika kwetu. Hubadilika mtaa tu, na kitu kilichoibwa:

"Mtu mmoja ambaye jina lake halijafahamika mara moja, anayekadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 30, ameuawa na wananchi wenye hasira kali baada ya kutuhumiwa kuiba."

Leo sina ugomvi na "kutuhumiwa". Nataka tukae kidogo na neno "wananchi".

Mwana wa nchi. Neno hili lilipata nguvu zake wakati wa kudai uhuru, pale mtu aliyekuwa akihesabiwa kama kichwa cha kutozwa kodi alipoanza kuitwa kwa jina la mtoto wa nyumbani. Mwalimu Nyerere alipofungua hotuba kwa "Ndugu wananchi", mzee wa kijijini aliyeweka redio karibu na sikio alijua anaambiwa yeye. Mpaka leo mashabiki wa Yanga wanajiita Wananchi na wanaona fahari. Wakenya wamelipeleka hadi kwenye magazeti yao ya Kiingereza, wakaliacha kama lilivyo bila kulitafsiri. Ni neno la kumpa mtu heshima, la kumkumbusha kwamba nchi hii ni yake na ana haki ndani yake. Nalo ndilo tunalowapa watu waliomfunga kijana kamba, wakamvisha tairi, wakamwasha moto.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuja mzee mmoja kwenye ofisi ya gazeti nililokuwa nikilifanyia kazi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, mkononi ameshika bahasha ya kaki. Alikataa kueleza shida yake pale mapokezi, basi mlinzi akampandisha ghorofani. Mwandishi wa habari aliyoifuata hakuwapo, nikaletewa mimi. Nikampa shikamoo, nikamvutia kiti. Akatoa kwenye bahasha kipande cha gazeti letu, kifupi kuliko kidole, habari isiyozidi maneno sitini. Niliikumbuka. Mwandishi alikuwa ameleta aya tano, mimi nikabakiza mbili.

"Huyu mliyesema hana jina ni mwanangu," akaniambia. Akalitaja jina lake lote, la kijana, la baba na la babu. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Usiku ule alikwenda kumdai mtu malipo ya kazi, wakabishana getini, yule mtu akapiga ukelele wa mwizi. Hivyo ndivyo mzee alivyosimuliwa na mwenzake na marehemu, ambaye alikuwa pamoja naye na akawahi kukimbia.

Hakuja kugombana. Alitaka kujua kama sisi, tulipoandika "wananchi", tulikuwa na orodha. Kituoni aliambiwa ni wananchi. Kwa mjumbe wa nyumba kumi akaambiwa ni wananchi. Gazetini akasoma ni wananchi. Akafikiri kwamba watu wa magazeti, kwa kuwa tunaandika, lazima tunawajua tunaowaandika. Aliomba jina moja tu, la kuanzia.

Sikuwa nalo. Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo habari hizi zinavyoandikwa. Akaniuliza kama na yeye ni mwananchi. Nikamjibu ndiyo, mzee wangu. Hakusema kitu tena kwa muda. Alikikunja kile kipande polepole kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akakirudisha kwenye bahasha.

Nilimwahidi kwamba nitalifikisha jambo lake kwa mhariri wangu, na nililifikisha. Tukajadiliana, tukakubaliana kwamba hapakuwa na kosa la kusahihisha. Mtu alikufa, alituhumiwa wizi, waliomuua walikuwa wananchi. Kila neno lilikuwa na pale lilipotoka. Tukaendelea na kazi, na kabla ya mwezi kwisha niliipitisha sentensi ile ile kwa maiti nyingine. Hilo ni langu, na ninalisema kabla sijasema la mtu mwingine.

Sasa nirudi kwenye sentensi, maana ndiyo kazi ninayoijua.

Marehemu anapewa nini mle ndani? Hana jina, ana makadirio ya umri, na ana tuhuma. Kwenye habari yenyewe tuhuma inatanguliwa na "anayedaiwa", lakini kichwa cha habari hakina nafasi ya "anayedaiwa". Kichwa husema "Kibaka auawa", na wapita njia wanaosoma magazeti yaliyotandazwa kwa muuzaji huishia hapo. Marehemu hawezi kuja kulalamikia jina lake. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Huyu hata kushtakiwa hakushtakiwa, na hukumu yake imechapwa kwa herufi nene.

Waliomuua wanapewa nini? Wanapewa uraia, na wanapewa sababu. Hasira, tena kali.

Kanuni ya Adhabu inaijua habari ya hasira. Inasema kwamba mtu akiua akiwa katika ghadhabu ya ghafla kwa kuchokozwa, kabla moyo haujapata muda wa kupoa, kosa lake linaweza kushuka kutoka kuua kwa kukusudia likawa kuua bila kukusudia. Ila hilo ni jambo la mahakamani. Mshtakiwa anasimama kizimbani kwa jina lake, mashahidi wanaulizwa, jaji anapima. Taarifa ya polisi inayosomwa kwa waandishi saa chache baada ya tukio inawapa wauaji utetezi huo bure, kabla hata mmoja hajakamatwa, na wao wenyewe hawajauomba.

Na tuitazame hiyo hasira ilivyofanya kazi. Tairi halimei barabarani. Kuna mtu aliyekwenda kulichukua pembeni ya gereji, akalivingirisha mpaka pale. Petroli haikuwa mfukoni mwa yeyote. Kuna aliyeshika chupa ya maji, akaimwaga maji, akaenda nayo kituo cha mafuta au kwa mtu mwenye pikipiki, akalipa au akaomba akapewa, kisha akarudi. Muda wote huo kijana yuko chini, amefungwa, anamtaja mama yake, na watu wamesimama wanamsubiri mwenye petroli. Ghadhabu ya ghafla haiendi kupanga foleni ya mafuta ikarudi. Halafu kuna aliyewasha kiberiti, na njiti ya kiberiti huwashwa na mtu mmoja.

Siku hizi kuna na aliyeshika simu akarekodi. Video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla gari la polisi halijafika, sura zinaonekana, sauti zinasikika, na pengine mtu anaitwa kwa jina lake la mtaani ndani ya video hiyo. Kesho yake taarifa inasema wananchi wenye hasira kali.

Kuna mwingine zaidi ambaye simsahau, kwa sababu karibu kila shuhuda niliyepata kuzungumza naye alimtaja. Ni yule aliyesema, "Mwacheni jamani, tumpeleke polisi," akasukumwa pembeni, akaambiwa na yeye ni mwizi mwenzake. Mara nyingi ni mwanamke, mama mwenye genge la nyanya au aliyetoka tu kufungua mlango akiwa na khanga mabegani. Huyu naye alikuwapo. Neno lenu linamweka kapu moja na mwenye njiti. Wakati kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yeye ndiye aliyekuwa anaitekeleza sheria: raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda makosa fulani mbele yake, mradi amfikishe kwa polisi bila kuchelewa. Pale mtaani alikuwa mwananchi mmoja tu aliyefanya kazi ya mwananchi, na taarifa imempoteza humo humo.

Baada ya sentensi ile hufuata wito. "Kamanda amewataka wananchi kuacha kujichukulia sheria mkononi." Nimeisanifu hiyo nayo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Wito unamwendea nani? Unatuendea sote, bibi wa Newala anayepepeta mpunga, mwanafunzi wa Kigoma, daktari wa zamu. Tunaonywa wote kwa jambo ambalo watu ishirini walilitenda Jumanne usiku kwenye mtaa unaojulikana. Na ile "sheria" waliyojichukulia mkononi ni sheria gani? Hakuna sheria ya nchi hii, wala ya mila ninayoijua, inayosema aliyeiba simu achomwe moto. Wasingeweza kuichukua kwa sababu haipo. Walichokuwa nacho mkononi ni mawe, nondo na kiberiti.

Utaniambia, mhariri, haya ni maneno tu, na sisi tunahangaika na mauaji yenyewe. Lakini tazama jinsi tunavyowaita watu wengine wanaojaa barabarani.

Mwaka 2013 watu wa Mtwara walitoka kupinga gesi yao kusafirishwa kwa bomba kuletwa Dar es Salaam. Walikuwa na hasira, na sababu za hasira zao walizieleza wenyewe kwa mabango na kwa sauti. Mali zilichomwa na watu walipoteza maisha. Siku zile zimeandikwa kwa neno gani? Vurugu. "Vurugu za Mtwara", ndivyo utakavyozikuta kwenye makabrasha ya magazeti. Nenda Nyamongo, Tarime, ambako vijana wamekuwa wakiingia kwa makundi katika mgodi wa North Mara kutafuta mawe yenye dhahabu. Wale wanaitwa "wavamizi". Sijapata kuona taarifa iliyowaita wananchi wenye njaa kali. Mwaka 2015 kwenye kampeni, umati uliojaa viwanjani kuwasikiliza wagombea uliitwa "mafuriko", na kila upande ulitaka picha zake zionekane zina maji mengi zaidi. Na mtoto akigongwa na gari, wazazi na majirani wakaweka mawe barabarani kudai matuta, utasikia wameitwa kikundi cha watu waliofunga barabara.

Sitaki anayechoma ofisi ya umma abembelezwe kwa jina zuri. Ninaloliona, baada ya kusoma habari hizi usiku baada ya usiku, ni kwamba umati tunaupa jina kwa kumtazama aliyesimama mbele yake. Akiwa mbele yao ni mwenye mamlaka, tunapata vurugu, uvamizi, kikundi. Akiwa mbele yao ni kijana asiye na jina, aliyefungwa mikono, ndipo ghafla wanakuwa wananchi, na ndipo hasira yao inapopata kusikilizwa. Sijui kama kuna mtu aliyekaa akaamua iwe hivyo. Nadhani hakuna. Sentensi imerithiwa tu, kutoka kwa afande mmoja kwenda kwa mwingine na kutoka kwa mhariri mmoja kwenda kwa mwingine, na ndiyo maana naona inaweza kuachwa.

Majirani zetu wana yao. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi. Kwa Kiswahili cha Kenya watu wa namna hii huitwa umma wenye ghadhabu, au raia wenye hamaki. Msamiati umebadilika, kivuli ni kile kile.

Nikupe mfano wa kwetu unaoonyesha neno hili linavyovuliwa likishafika mahali panapostahili.

Tarehe 1 Oktoba 2016, watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, walikuwa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Walikuwa watafiti wawili na dereva wao. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ikavuma kijijini kwamba ni wanyonya damu, wale ambao wazee wetu waliwaita mumiani. Watu wakakusanyika, wakawaua wote watatu, wakawachoma moto. Watu waliokwenda kuupima udongo ili mkulima apate mavuno bora waliuawa na wakulima.

Nchi nzima ilishtuka, na ilistahili kushtuka. Lakini sisi tuliokuwa kwenye vyumba vya habari tuliona kitu kingine pia. Siku za kwanza wauaji walikuwa "wananchi" na "wanakijiji", kama kawaida. Kisha watu wakaanza kukamatwa, wakafikishwa mahakamani, na kuanzia hapo lile neno likaanguka lenyewe kama gamba. Wakawa washtakiwa. Wakawa na majina, umri na kazi. Polisi hawakusema safari hii kwamba umati haukamatiki. Marehemu walikuwa na vitambulisho vya kazi, gari la ofisi, na mwajiri anayepiga simu. Yule fundi wa mageti alikuwa na baba mwenye bahasha ya kaki. Kosa ni lile lile, kuua kwa kukusudia, na Kanuni ya Adhabu inasema waziwazi kwamba watu walioungana kwa nia moja wakatenda jinai, kila mmoja anabeba kosa lile kana kwamba alilitenda peke yake. Mbele ya sheria wale wa Chamwino na wale wa mtaani kwangu hawana tofauti. Kwenye taarifa zetu walitofautiana.

Sisemi haya kama mtu asiyejua wizi. Nyumba yangu imevunjwa mara mbili. Mara ya pili walimfunga dada wa kazi kwa waya wa pasi, na nilipomkuta nilikuwa na hasira ambayo, mtu huyo angekuwa mbele yangu, sijui ningeifanya nini. Nilikuwapo Dar es Salaam Januari 2015 uvumi wa Panya Road, lile kundi la vijana wahalifu, ulipofunga maduka jioni moja, na Septemba 2022 vijana wale waliporudi na mapanga watu walilala macho wazi. Najua pia kinachosemwa kijiweni: ukimpeleka polisi leo, keshokutwa unakutana naye mtaani anakusalimia kwa jina. Kituo kiko mbali, gari halina mafuta, shahidi anaogopa. Vijana wa bodaboda wamezika wenzao wengi walionyongwa kwa kamba na pikipiki kuchukuliwa. Hasira ipo. Ingekuwa ajabu isingekuwapo.

Lakini mtu akiwa na hasira ndipo anapohitaji zaidi kusikia neno sahihi. Kijana wa kijiweni anayesikiliza redio na kusikia kwamba waliomuua mwizi jana ni "wananchi", anajisikia amo. Amehesabiwa. Amesikia mamlaka yenyewe ikiwataja kwa heshima, ikieleza kwamba walikuwa na hasira, kisha ikiwaomba waache. Akisikia kwamba watu thelathini wameua, kwamba jalada la mauaji limefunguliwa, kwamba wawili wameshakamatwa na wengine wanatafutwa, anasikia habari nyingine kabisa. Wizi ni uleule, hasira ni ileile, ila sasa anajua kwamba aliyeleta tairi anatafutwa.

Hata sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na maovu yaliyotendwa kwa jina lao, walikuwa na ntemi, yaani mkuu wao, na katibu, na daftari. Ukitaka kuuliza, ulijua pa kugonga hodi. "Wananchi wenye hasira kali" hawana mlango.

Ninalokuomba ni dogo, na liko ndani ya uwezo wa ofisi yako bila bajeti na bila kwenda bungeni. Kiondoeni kifungu hicho katika taarifa za Jeshi la Polisi, kuanzia kwako hadi kwa makamanda wa mikoa. Mahali pake semeni mnachokijua. Kama askari alifika akakuta mwili tu na watu wametawanyika, basi wauaji ni "watu ambao hawajafahamika". Kauli hiyo tunayo tayari, huwa tunamvika marehemu. Mhamishieni muuaji, na marehemu mtafutieni jina, hata kama ni baada ya siku tatu, mlitangaze kwa sauti ile ile mliyotangazia kifo chake.

Kwa mazoea ya kazi yangu nimejaribu kuisanifu taarifa yenyewe, uone kwamba si ndefu kuliko ile ya zamani:

"Watu wanaokadiriwa kufika thelathini wamemuua mtu mmoja kwa kumpiga na kumchoma moto. Walimtuhumu kuiba pikipiki. Tuhuma hiyo haijathibitishwa. Polisi wamefungua jalada la mauaji. Hadi saa mbili usiku watu wawili walikuwa wamekamatwa."

Kama hakuna aliyekamatwa, semeni hakuna. Itauma kuisoma, na ni afadhali iume. Mwandishi atakayeipokea atauliza tena wiki ijayo wamefikia wangapi, kwa sababu sentensi yenyewe imemwachia swali. Ile ya "wananchi wenye hasira kali" haimwachii mtu swali lolote. Nimeishi nayo, najua. Ukishaisoma unaona habari imekwisha: aliyekufa ni mwizi, waliomuua ni sisi, tugeuze ukurasa.

Na wito wa mwisho wa taarifa usielekezwe kwa taifa zima. Uelekezeni kwa wakazi wa mtaa ule kwa jina la mtaa, mkitaja namba ya simu ya kupokea taarifa na kuahidi kwamba mtoa habari atalindwa. Yule mama mwenye khanga anasikiliza. Aliona kila kitu. Hajawahi kuulizwa kwa sababu tumeshatangaza kwamba na yeye alikuwa miongoni mwao.

Wenzangu walio kwenye madawati ya habari nao nimewaandikia, kila mmoja kivyake, na baadhi wamenijibu kwamba wao wanamnukuu kamanda. Ni kweli wanamnukuu. Wewe ukibadilisha kauli, watakunukuu wewe.

Ibara ya 14 ya Katiba inasema: "Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria." Nimeisoma mara nyingi tangu nistaafu, na kila mara macho yangu huganda kwenye "kutoka katika jamii". Waandishi wa Katiba hawakuliacha jukumu hilo kwa polisi peke yao. Waliwapa watu waliosimama pale barabarani.

Yule mzee alirudi ofisini kwetu mara mbili zaidi. Mara ya mwisho aliniachia karatasi ndogo iliyoandikwa RB, ile namba ya kumbukumbu ya polisi, ya jalada la mwanawe, kwa mwandiko wa askari wa kaunta, akasema niiweke, huenda siku moja nikahitaji kuandika. Kijana wake aliyebaki alinipigia simu miaka michache baadaye kuniambia mzee amefariki. Karatasi bado ninayo. Wino umefifia lakini namba zinasomeka, na jina la kijana nimeliandika mwenyewe kwa nyuma, la kwake, la baba na la babu. Nikipewa nafasi nitakuja nayo ofisini kwako siku yoyote ya kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhariri msanifu mstaafu,
Dar es Salaam